Woga na Kicho: Insha juu ya Risasi Bandia

Kila kazi yenye hatari ina kitu cha mfano ambacho mwanafunzi hukishika kabla ya kukabidhiwa kitu chenyewe. Rubani hukalia kiti cha chombo kilichofungwa ardhini kabla ya kupaa angani. Mkunga hujifunza kupokea mtoto kwa mwanasesere kabla ya kuitwa kwa mzazi mwenye uchungu. Katika elimu ya silaha mfano huo ni risasi bandia. Ni kitu kidogo, hukaa katika kiganja cha mkono na nafasi ikabaki, lakini kimebeba swali zito la maadili: je, tendo lisilo na matokeo laweza kumfundisha mtu adabu ya tendo lenye matokeo, au humzoeza kutenda bila ya kuyajali matokeo yenyewe?

Risasi ya kweli ina sehemu nne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Fataki hukaa katika kitako cha ganda. Msumari wa mtambo ukiigonga hutoa cheche, cheche huwasha baruti, na hewa ya moto izaliwayo na baruti husukuma kichwa katika mtutu. Risasi bandia ina umbo na vipimo vya risasi hiyo, lakini haina baruti wala fataki iliyo hai. Haifai kuchanganywa na risasi ya baruti tupu, ambayo haina kichwa lakini ina baruti na fataki, nayo hulia na kutema moto. Risasi bandia hailii, haitemi, wala haisukumi bega la mtu. Watengenezaji wake wamejua tangu zamani kwamba mfanano una hatari yake. Risasi za mafunzo za Jeshi la Uingereza kwa bunduki ya Lee-Enfield, ambayo askari wa King's African Rifles nao waliichukua katika Vita Kuu ya Pili, zilitobolewa maganda au kutiwa mifuo, na mara nyingi zilipakwa rangi nyekundu, ili jicho litambue kabla ya mkono kutenda. Siku hizi nyingi hufanywa kwa plastiki au alumini yenye rangi kali, na mahali pa fataki huwekwa mpira au springi ya kupokea pigo la msumari.

Manufaa yake si madogo. Kwayo mwanafunzi hujifunza kutia na kutoa risasi mara mia bila ya kumhatarisha jirani yake. Hujifunza pia la kufanya wakati bunduki inapokataa kulia. Risasi ya kweli nayo pengine hukataa, na pengine fataki huchelewa tu kuwaka, mlio ukaja baada ya kitambo. Kwa sababu hiyo mwanafunzi hufundishwa kuushikilia mtutu uelekee mahali pasipo mtu na kungoja, aghalabu nusu dakika, kabla ya kuufungua mtambo. Mtu asiyefundishwa huigeuza bunduki aitazame kilichoizuia. Hapa kitu cha uongo humfundisha mwanafunzi ukweli mkubwa, kwamba kimya cha silaha si ahadi ya amani.

Lakini kazi yake iliyo bora kuliko zote ni kumfunulia mtu nafsi yake. Mwalimu wa shabaha huchanganya risasi za moto na risasi bandia katika magazini, wala mwanafunzi hajui ipi itafuata ipi. Mwanafunzi hulenga na kufyatua. Zamu ya risasi bandia ikifika, bunduki hulia ‘tak’ na kunyamaza. Kama mkono ulikuwa umetulia, mtutu hubaki mahali pake. Kama ulikuwa na hofu, mtutu huinama ghafula, bega hujikunja, na macho hufumba, ingawa hapana kishindo kilichotokea. Mlio wa risasi ya kweli ulikuwa ukificha kasoro hiyo, kwa kuwa mshituko wa bunduki na mshituko wa mtu hutokea pamoja na jicho haliwezi kuitenganisha. Risasi bandia huondoa mmoja na kuacha mwingine peke yake, uchi mbele ya mwenyewe. Maneno mia ya mwalimu hayawezi kumsadikisha mtu juu ya hofu yake kama yafanyavyo maonyesho hayo ya nukta moja.

Yafaa kuuliza ni hofu gani ionekanayo hapo. Kiswahili kina maneno mawili yatakiwayo katika jambo hili, nayo ni woga na kicho. Woga ni hofu ya mtu juu ya nafsi yake: kishindo kitamwumiza sikio, kitako kitampiga bega. Kicho ni hofu ya mtu mbele ya kitu kilicho kikubwa kuliko nafsi yake: huyo aliye mbele ya mtutu ni kiumbe, na uhai ukitoka haurudi. Woga humkunja mtu. Kicho humsimamisha wima. Mwoga hufumba macho asione atendalo, na mwenye kicho huyafumbua aone vema. Kwa hiyo ni kosa kudhani kwamba hofu zote za mwenye bunduki ni adui mmoja, na kwamba mafunzo yaliyo mema ni yale yaziuayo zote. Aristotle aliuweka ushujaa katikati ya mambo mawili, woga upande mmoja na ujuba upande wa pili, naye hakumhesabu mtu asiyeogopa chochote kuwa shujaa.

Aristotle huyohuyo alifundisha kwamba mtu hupata tabia kwa kutenda: huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu, na huwa shujaa kwa kutenda ushujaa. Basi mtu afyatuaye risasi bandia mara elfu moja atenda tendo gani? Akiwa anatenda kutulia, atapata utulivu. Akiwa anatenda kuhakikisha, yaani kufungua mtambo, kutazama, na kugusa kwa kidole kabla ya kuamini, atapata uangalifu. Lakini akiwa anamwelekezea mwenziwe mtutu na kucheka kwa kuwa ‘hiyo ni bandia’, hapana tabia apatayo ila ujuba. Kidole hakijui tofauti ya risasi nyekundu na risasi ya shaba. Kidole hujua njia tu, na njia iliyokanyagwa mara elfu hupitwa hata gizani. Mzaha mzaha hutunga usaha.

Hekima hii haikuanza na watu wa bunduki. Katika Hadithi za Mtume zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mwislamu amekatazwa kumwelekezea ndugu yake silaha, na sababu iliyotolewa ni kwamba mtu hajui: huenda Shetani akauvuta mkono wake, naye akatumbukia katika moto. Sababu hiyo yastahili kufikiriwa. Haikusemwa kwamba mwenye silaha ana nia mbaya. Imesemwa kwamba nia njema haitoshi, kwa kuwa kati ya nia na tendo upo mkono, na mkono una udhaifu wake. Kirumbizi cha Lamu nacho chajua adabu hii. Watu wawili hukabiliana kwa fimbo katikati ya ngoma na kuigiza mapigano, na uzuri wa mchezo u katika pigo linalodhibitiwa. Mchezo wa silaha usio na adabu si mchezo tena.

Mahali ambapo udhaifu wa mkono na wa imani umejulikana kwa dunia nzima ni katika sinema, ambako risasi bandia hutumiwa ili mtazamaji aone bastola iliyojaa. Tarehe 31 Machi mwaka 1993, mjini Wilmington, North Carolina, nchini Marekani, mwigizaji Brandon Lee, mwenye umri wa miaka 28, alipigwa risasi wakati wa kutengenezwa sinema iitwayo The Crow, akafa siku ileile. Kabla ya hapo zilitakiwa risasi bandia za kupigwa picha kwa karibu. Zilipatikana kwa kufungua risasi za kweli, kumwaga baruti na kurudisha vichwa. Lakini fataki ikaachwa. Fataki ililia, na nguvu yake ndogo ikakisukuma kichwa mpaka kikakwama katika mtutu. Baadaye bastola ileile ikatiwa risasi ya baruti tupu, na baruti ikakitoa kichwa kile kama risasi kamili. Vitu viwili vilivyoitwa visivyo na madhara vilikutana, kila kimoja kikamkamilishia mwenziwe upungufu wake, navyo vikawa mauti.

Tarehe 21 Oktoba mwaka 2021, karibu na Santa Fe katika New Mexico, mpiga picha wa sinema Halyna Hutchins, mwenye umri wa miaka 42, aliuawa katika mazoezi ya sinema iitwayo Rust, na mwongozaji wa sinema hiyo akajeruhiwa. Bastola ilikusudiwa kuwa na risasi bandia tu. Ndani yake ilikuwamo risasi moja ya kweli. Ilikuwa imetangazwa kuwa ni salama. Mwezi wa Machi mwaka 2024 baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani msimamizi wa silaha kwa kosa la kuua bila ya kukusudia. Risasi bandia za sinema aghalabu hutiwa chembe ya chuma ndani, ili mtu akiitikisa karibu na sikio aisikie ikigonga. Risasi sita hutikiswa kwa muda upungufu wa dakika moja. Huo ndio uliokuwa urefu wa njia kati ya uhai na kifo siku ile, na haukutembewa.

Watu husema ajali haina kinga. Methali hiyo ni ya faraja, nayo hufaa matangani. Lakini haifai kufundishiwa katika uwanja wa shabaha. Ajali zote mbili zilikuwa na kinga, na kinga yenyewe ilikuwa rahisi. Kilichokosekana si chombo wala elimu. Kilichokosekana ni kicho. Neno ‘bandia’ lilikuwa limekwisha kuwafanyia watu kazi ambayo macho yao yalipaswa kuifanya. Hii ndiyo hatari ya ndani kabisa ya risasi ya mfano: hupunguza hofu kwa haki pale ilipo, kisha ile hofu iliyopunguzwa hairudi pale isipokuwapo. Mtu hulegea mbele ya kitu cha uongo, na kulegea kwake hukifuata kitu cha kweli.

Yapo pia mafunzo ambayo kupunguza kicho hakukutokea kwa bahati mbaya, bali kulikusudiwa. Mwaka 1947 mwandishi wa vita wa Marekani, S.L.A. Marshall, alitoa kitabu akidai kwamba katika Vita Kuu ya Pili si zaidi ya robo ya askari waliokuwa mstari wa mbele waliopiga risasi zao. Wanahistoria wa baadaye wametilia shaka sana hesabu zake na njia aliyozipatia. Hata hivyo dai lake lilisikilizwa. Katika miaka ya 1950 Jeshi la Marekani lilianza kuacha shabaha za miduara na kutumia vibao vyenye umbo la mtu, vinavyoinuka ghafula na kuanguka vikipigwa. Sababu za ustadi zilikuwapo, kwa kuwa adui hasimami katika umbo la mduara. Lakini pana jambo jingine lililofundishwa pamoja na ustadi: umbo la mtu liinukapo, mkono ujibu kabla ya moyo kuulizwa. Kibao hakina mama. Aliyezoea kuangusha vibao elfu moja amejifunza jambo moja kweli na jambo moja uongo, na lile la uongo ni kwamba aangukaye huinuka tena kwa zamu ya pili.

Jinsi wanadamu wanavyojua uzito wa jambo hili huonekana katika desturi ya kuua kwa hukumu. Katika jimbo la Utah, mwezi wa Juni mwaka 2010, mfungwa mmoja aliuawa kwa bunduki tano, na katika hizo moja haikuwa na risasi ya kuua. Wala hapana aliyejulishwa ni ipi. Hapo risasi isiyoua haikuwekwa kwa ajili ya kufundisha mkono. Iliwekwa kwa ajili ya kupumzisha dhamiri, ili kila mmoja wa watu watano aweze kujiambia usiku kwamba huenda siye yeye. Ikiwa kweli kuua kwa amri ya sheria ni haki, kwa nini mtendaji wa haki ahitaji shaka ya kujifunika? Na ikiwa ni dhuluma, shaka hiyo haimwondolei sehemu yake, kwa kuwa watano wote walilenga na watano wote walifyatua. Risasi ile moja ya uongo ni ushahidi kwamba kicho kimo katika moyo wa binadamu hata pale sheria inapomwambia hana haja nacho.

Mtu wa vita aweza kujibu kwamba maneno haya ni mema darasani, lakini askari anayesitasita hufa, na wenziwe hufa pamoja naye. Askari wa wanyamapori akabiliwaye na jangili mwenye bunduki hana nafasi ya kufikiri juu ya mama wa jangili. Jibu hili lina nguvu, wala si haki kulipuuza. Anayewatuma watu kwenye hatari bila ya kuwazoeza vya kutosha hufanya ukatili, na ukatili huo hauwi wema kwa kuitwa huruma. Lakini jibu hilo lachanganya mahali pawili. Kicho hakikai katika kidole, hukaa katika hukumu. Kazi yake ni kuuliza, kabla ya silaha kuinuliwa, kama pana sababu ya kuinuliwa. Na baada ya kuinuliwa, kama sababu ingalipo. Hukumu ikikwisha kutoka, mkono na utende bila ya kutetemeka, kwa kuwa mkono unaotetemeka humpiga asiyekusudiwa. Katika uwanja wa mafunzo, basi, woga utolewe kidoleni, na kicho kiachwe kikae katika hukumu. Mafunzo yafanyayo la kwanza na kusahau la pili humtengeneza mtu mwenye mkono hodari usio na bwana.

Kwamba mambo haya mawili yaweza kufundishwa pamoja si ndoto. Katika chuo cha mafunzo cha FBI huko Quantico, Virginia, ulijengwa mwaka 1987 mji wa mfano wenye benki, posta na maduka, uitwao Hogan's Alley. Waigizaji hukaa humo kama raia na kama wahalifu, na silaha za mazoezi haziui. Mwanafunzi hapimwi kwa wepesi wa kupiga tu. Hupimwa pia kwa kutopiga. Mtu atokaye mlangoni ameshika kitu mkononi: ni bastola au ni pochi? Hapo mfano hutumiwa kwa ukamilifu wake, kwa maana yafanyiwa mazoezi si tendo la mkono tu, bali na hukumu itanguliayo tendo. Kosa litendwalo humo halimwagi damu, na mkosaji hupata bahati ambayo barabarani haipo, yaani kukosea, kuona haya, na kurudia.

Uhai wa mwanafunzi na wa watu atakaokutana nao kesho umo, kwa kiasi kikubwa, katika namna mwalimu anavyoishika risasi bandia siku ya kwanza. Mwalimu mwema huitoa chumbani kila risasi ya moto kabla ya kuitoa sandukuni risasi ya mfano. Huifungua bunduki mbele ya wote, huitazama, kisha humpa mwanafunzi aitazame yeye mwenyewe, wala hachukizwi mwanafunzi asipomwamini. Mtutu wake haumpiti mtu hata mmoja, ingawa ajua hapana kitu ndani. Hasemi ‘msiogope, hii ni bandia.’ Husema kila bunduki ina risasi. Neno hilo si kweli siku hiyo, naye na wanafunzi wake wajua si kweli. Lakini huishi kama ni kweli, mpaka iwe vigumu kwao kuishi vinginevyo.

Pengine hapo ndipo jibu la swali la mwanzo lilipo. Tendo lisilo na matokeo laweza kumfundisha mtu adabu kwa sharti moja tu, kwamba alitende kama lenye matokeo. Hapana alazimishwaye kuwa na adabu mbele ya risasi isiyoua. Ndiyo sababu adabu aionyeshayo mtu hapo ni yake mwenyewe, wala si ya hofu ya adhabu au ya mauti. Mbele ya risasi ya moto hata mpumbavu huweza kuwa mwangalifu kwa saa moja. Mbele ya kipande cha plastiki chekundu, bila ya msimamizi na bila ya hatari, huonekana kama mtu huyu afaa kukabidhiwa uhai wa watu wengine.